Kutoka Tovuti hadi Mwongozo: Uingizaji wa Faili za Wavuti katika Miradi ya Uandishi wa Nyaraka za Kiswahili kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Taarifa nyingi ambazo mfanyabiashara mdogo wa mpakani anazihitaji tayari zimo katika kurasa za wavuti za taasisi za umma. Hata hivyo, zimetawanyika, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hazikuandikwa kwa ajili yake. Njia mojawapo ya kuzitumia ni kuziingiza faili hizo katika mradi mmoja wa uandishi wa nyaraka na kuzifanya kuwa mwongozo wa Kiswahili. Makala haya yanafafanua kinachotokea kwa faili ya wavuti inapoingizwa katika mradi wa namna hiyo, hatua kwa hatua, kwa kurejelea mazingira ya Mella na mpaka wa Busia na Tororo. Hoja kuu ni kwamba uingizaji haumaliziki katika kunakili: ndani yake kuna maamuzi ya kiisimu na ya kisera kuhusu mipaka ya mada, maana ya istilahi, lugha ya maandishi na uhai wa taarifa. Maamuzi hayo yasipofanywa na mtu, hufanywa na programu, na gharama yake humwangukia msomaji.

1.0 Utangulizi

Neno bodaboda, ambalo leo linatumika kote Afrika Mashariki, linahusishwa na mji wa Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Neno la Kiingereza la mpaka lilirudiwa mara mbili, likatoholewa, likawa jina la kazi na baadaye jina la chombo chenyewe. Mfano huu unaonyesha kwamba watu wa mpakani hawakusubiri taasisi yoyote iwaundie msamiati wa shughuli zao. Kinyume chake ndicho kinachoonekana katika maandishi rasmi yanayozitawala shughuli hizo hizo. Sheria, taratibu na viwango vya forodha huandikwa mbali na mpaka, kwa Kiingereza cha kisheria, na kumfikia mhusika kwa masimulizi.

Mazingira ya kisera yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Ibara ya 137 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikiweka Kiswahili katika nafasi ya lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaendesha shughuli zake Zanzibar. Kwa hiyo swali la iwapo taarifa za umma ziandikwe kwa Kiswahili limejibiwa katika ngazi ya sera. Swali lililobaki ni la utendaji: taarifa zilizopo zitahamishwaje kuingia katika Kiswahili bila kupotoshwa, na nani atazihudumia baada ya kuhamishwa?

2.0 Muktadha: Mella na Mpaka

Mella ni gombolola ya Wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tororo na katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, hasa Teso Kaskazini na Teso Kusini. Wasamia nao wamegawanywa na mpaka huo huo, na Wajopadhola ni miongoni mwa wenyeji wa Tororo. Biashara baina ya jamaa, majirani na masoko ya pande mbili ni jambo la kila siku: mahindi, maharage, kuku, mboga, nguo na bidhaa za viwandani. Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha wafanyabiashara wasioshiriki lugha ya mama, hata pale ambapo hakitumiki nyumbani.

Njia rasmi za kuvuka ni Busia na Malaba, ambako kuna vituo vya pamoja vya mpakani. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Katika vituo hivyo msafiri au mwenye mzigo hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, upande anaoingilia. Kati ya vituo hivyo na kwingineko kuna vijia vingi, maarufu kama njia za panya.

Kwa mfanyabiashara mdogo, utaratibu wa muhimu kuliko yote ni ule wa biashara rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shehena yenye thamani isiyozidi dola 2000 za Marekani, ikiwa ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, inaweza kuvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na maofisa wa forodha mpakani, bila kulipiwa ushuru wa forodha. Utaratibu huu hauondoi kodi nyingine za ndani pale zinapohusika, wala masharti ya afya ya mimea, mifugo na usalama wa chakula. Sentensi hizi mbili za mwisho ndizo zinazopaswa kumfikia mwenye magunia mawili ya mahindi. Akiipata ya kwanza bila ya pili, atafika mpakani akiamini kwamba hadaiwi chochote, na akizuiwa atajifunza kwamba kijia cha panya kina uhakika zaidi kuliko mwongozo.

3.0 Faili ya Wavuti Inabeba Nini

Ukurasa wa wavuti unaoonekana katika kioo cha simu au kompyuta ni zao la faili kadhaa. Ipo faili ya HTML yenye maandishi na alama zinazoeleza dhima ya kila sehemu: kichwa, aya, orodha, jedwali, kiungo. Ipo faili ya mitindo inayoamua rangi na ukubwa wa herufi. Zipo picha, na mara nyingi zipo programu ndogo zinazoendesha menyu na vihesabio. Juu ya hayo, kila ukurasa hubeba vitu vya tovuti nzima: nembo, menyu, matangazo ya zabuni, anwani za chini.

Mradi wa uandishi wa nyaraka umejengwa kwa mantiki tofauti. Ndani yake maandishi hugawanywa katika mada fupi zinazojitegemea, na kila mada inaweza kutumika katika zao zaidi ya moja: kijitabu cha kuchapishwa, ukurasa wa simu, bango la ukutani. Kiwango cha DITA, kilichoanzia katika kampuni ya IBM na kuidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, kinatofautisha aina tatu za msingi za mada: inayoeleza dhana, inayoongoza utendaji, na inayotoa rejea kama vile orodha au viwango. Programu nyingine za uandishi wa nyaraka hazifuati kiwango hicho, lakini zinashiriki wazo lake kuu: kila taarifa iandikwe mara moja, mahali pamoja, na itumike popote inapohitajika.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha ugumu. Ukurasa wa wavuti huandikwa ili usomwe peke yake, na mada ya mradi huandikwa ili iunganishwe na nyingine. Kuingiza faili ni kuivusha kutoka mpango wa kwanza hadi wa pili.

4.0 Hatua za Uingizaji

4.1 Kuorodhesha na Kuteua

Kabla ya faili yoyote kuingizwa, inafaa iandaliwe orodha ya kurasa zote zinazokusudiwa, ikionyesha anwani ya kila ukurasa, taasisi inayoumiliki, lugha yake, tarehe ya kuchapishwa au kuhuishwa, na tarehe uliponakiliwa. Orodha hii huonekana kama kazi ya karani, lakini ndiyo inayofichua mambo mawili. Kwanza, kurasa mbili za taasisi mbili huweza kueleza utaratibu mmoja kwa namna zinazotofautiana. Pili, ukurasa usio na tarehe hauwezi kujulikana kama bado unafaa. Ukurasa wa aina hiyo usiingizwe mpaka taasisi husika ithibitishe yaliyomo.

4.2 Kunakili au Kuunganisha

Programu nyingi za uandishi humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuinakili faili moja kwa moja ndani ya mradi, ili tangu hapo ihaririwe humo. La pili ni kuiingiza huku uhusiano na faili ya asili ukidumishwa, ili asili ikibadilika iingizwe upya. Chaguo la pili linavutia kwa sababu linaahidi taarifa mpya daima. Lakini kila uingizaji upya unaweza kufuta uhariri uliofanywa ndani ya mradi, ikiwemo tafsiri yenyewe. Kwa mradi wa Kiswahili unaotokana na kurasa za Kiingereza, njia salama ni kuinakili faili, kuitenga nakala ya asili bila kuigusa, na kuweka utaratibu wa kulinganisha asili mpya na ile ya zamani kila baada ya muda uliokubaliwa.

4.3 Kusafisha

Katika hatua hii huondolewa menyu, nembo, programu ndogo na mitindo iliyofumwa ndani ya aya. Majedwali yaliyotumika kupanga mwonekano tu hubadilishwa kuwa aya au orodha. Miradi inayotumia muundo wa XML inahitaji pia kila alama ifungwe na ipangwe ipasavyo. Programu inaweza kurekebisha hilo, lakini mara nyingine hubahatisha mahali pa kufungia.

Kosa linalojirudia linahusu vichwa. Mwandishi wa ukurasa wa awali aghalabu hukoleza herufi na kuzikuza ili sentensi ionekane kama kichwa, bila kutumia alama ya kichwa. Msomaji wa ukurasa hapati shida. Programu ya uingizaji, ambayo hukata mada kwa kufuata alama za vichwa, haioni chochote hapo. Matokeo yake, masharti ya bidhaa za kilimo na ya nguo za mitumba huweza kujikuta ndani ya mada moja.

4.4 Kukata Mada

Programu inaweza kukata faili ndefu kila inapokuta kichwa cha ngazi fulani. Mkato huo ni wa kimuundo, hauzingatii maana. Ukurasa unaoeleza kwamba shehena ya chini ya dola 2000 haitozwi ushuru wa forodha, kisha chini ya kichwa kinachofuata ukaeleza kodi na vibali vinavyobaki, utatoa mada mbili zinazojitegemea. Mada ya kwanza ikichukuliwa peke yake kwa ajili ya bango, itakuwa kweli nusu. Kwa hiyo mhariri anapaswa kujiuliza kuhusu kila mkato: je, msomaji akisoma kipande hiki tu, atatenda jambo sahihi? Ikiwa jibu ni hapana, vipande viwili viunganishwe, au tahadhari ya kipande cha pili irudiwe katika cha kwanza.

Hapa pia ndipo nyenzo za mradi zinapofaa. Kiwango cha dola 2000 kikihifadhiwa mahali pamoja kama kigeu na kurejelewa katika mada zote, siku kitakapobadilishwa kitarekebishwa mara moja. Maelezo yanayohusu Uganda pekee au Kenya pekee yanaweza kuwekewa alama ya masharti, ili kutoka katika mradi mmoja ipatikane nakala ya anayetoka Tororo kwenda Busia ya Kenya na ya anayetoka upande wa pili.

4.5 Viungo na Picha

Kiungo kinachotaja anwani nzima kitaendelea kumpeleka msomaji katika tovuti ya asili, yaani katika Kiingereza, hata pale ambapo mada inayolengwa imeshatafsiriwa. Kiungo kinachotaja njia fupi ya ndani kitakatika kwa sababu mpangilio wa folda za mradi si ule wa tovuti. Aina zote mbili zinahitaji kukaguliwa. Picha nazo huleta tatizo la lugha: fomu iliyopigwa picha ina maneno ambayo hayawezi kutafsiriwa bila kuichora upya. Katika mazingira ya mpakani picha ya fomu halisi inafaa ibaki katika lugha yake, kwa sababu ndiyo atakayokabidhiwa mfanyabiashara, na maelezo ya kila nafasi yaandikwe pembeni kwa Kiswahili.

4.6 Herufi na Utambulisho wa Lugha

Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba hakina tatizo la usimbaji. Ritifaa ya ng' inakanusha dhana hiyo. Katika kurasa tofauti neno ng'ombe huweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, au kwa alama nyingine inayofanana nayo. Kwa jicho ni neno moja, lakini kwa programu ya utafutaji ni maneno tofauti. Faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8 ikisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda hugeuka kuwa alama tatu zisizo na maana, na neno likawa ng’ombe. Lugha jirani zina mahitaji zaidi: Luganda hutumia herufi ŋ, ambayo haimo kabisa katika usimbaji huo wa zamani. Uamuzi wa kutumia UTF-8 pekee na aina moja ya ritifaa ufanywe kabla ya faili ya kwanza kuingizwa.

Utambulisho wa lugha ni suala jingine linalosahaulika. Ukurasa wa Kiswahili uliotengenezwa kutokana na kiolezo cha Kiingereza mara nyingi hubaki na tangazo la ndani linalosema kwamba ni wa Kiingereza. Ukiingizwa hivyo, kikagua tahajia kitapigia mstari karibu kila neno, na programu inayomsomea mtu asiyeona itatamka Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Kwa lugha za eneo hili ipo pia misimbo ya viwango vya kimataifa, kama teo kwa Ateso, adh kwa Dhopadhola na lsm kwa Lusamia, na inafaa itumike tangu mwanzo ikiwa mradi unakusudia kupanuliwa.

5.0 Istilahi: Ushuru, Kodi na Cheti

Faili ikishakuwa safi, tatizo kubwa linalobaki ni la maana. Katika Kiswahili cha kiserikali, ushuru wa forodha ni tozo inayohusu bidhaa zinazovuka mpaka, na kodi ni neno pana zaidi. Katika masoko ya mpakani neno ushuru linatumika pia kwa malipo ya kila siku ya kibanda au meza sokoni. Kwa hiyo tafsiri inayosema kwamba mzigo mdogo “hautozwi ushuru” inaweza kufahamika kwamba hata malipo ya soko yamefutwa, na inayosema “hautozwi kodi” si sahihi kisheria. Tafsiri inayofaa ni ndefu kidogo: hautozwi ushuru wa forodha, bali kodi na malipo mengine yanaweza kudaiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno cheti, kibali na leseni. Hutumika kwa kubadilishana katika mazungumzo, ilhali kila moja hutolewa na ofisi tofauti. Mradi wa nyaraka una faida hapa: istilahi inaweza kuandikwa mara moja katika faharasa na kurejelewa kutoka mada zote. Faharasa hiyo iandaliwe kabla ya tafsiri, ikaguliwe na maofisa wa forodha wa pande zote mbili, kisha isomwe kwa sauti mbele ya wafanyabiashara wenyewe. Neno ambalo maofisa wanalikubali na wafanyabiashara wanalifahamu vingine linahitaji maelezo ndani ya matini, si katika faharasa pekee.

6.0 Uhai wa Taarifa: Funzo la Mahindi ya 2021

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya viwango vya sumukuvu. Siku chache baadaye, tarehe 10 Machi, zuio liliondolewa na kuwekewa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, pamoja na cheti cha uasili.

Katika juma moja, kwa hiyo, kulikuwa na hali tatu za kisheria: mahindi yanayovuka kwa utaratibu wa kawaida, mahindi yasiyovuka kabisa, na mahindi yanayovuka kwa masharti mapya. Mradi ambao ungeingiza faili tarehe 4, 6 au 11 Machi ungepata mwongozo tofauti kila mara, na kila mmoja ungeonekana kamili na sahihi. Faili iliyonakiliwa haijui kwamba imepitwa. Ndiyo sababu kila mada inayohusu masharti ya bidhaa inapaswa kubeba, mahali panapoonekana na msomaji, tarehe ya kuthibitishwa na jina la ofisi iliyothibitisha. Mada inayovuka muda uliowekwa bila kuthibitishwa upya iondolewe katika mazao yanayochapishwa. Taarifa iliyokosekana humlazimu mfanyabiashara kuuliza, na iliyochakaa humfanya aache kuuliza.

7.0 Mapendekezo kwa Watunga Sera

Kutokana na ufafanuzi uliotolewa, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, taasisi za umma zichapishe kurasa za taratibu zikiwa na tarehe, alama halisi za vichwa na utambulisho sahihi wa lugha. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana katika kila tafsiri inayofuata. Pili, ruhusa ya kunakili na kutafsiri kurasa hizo itolewe kwa maandishi, ili miradi ya vyuo na ya wilaya isitegemee hisani. Tatu, mamlaka za forodha za Kenya na Uganda zimteue kila moja ofisa wa kuthibitisha matini ya Kiswahili, kwa kuwa tafsiri isiyo na mwenyewe haiwezi kutegemewa kituoni. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikishwe katika kuandaa faharasa ya pamoja ya istilahi za biashara ndogo ya mpakani, ikianzia na maneno yanayotumika tayari masokoni.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuingiza faili za wavuti katika mradi wa uandishi wa nyaraka ni mfululizo wa maamuzi: ukurasa upi uingie, ukatwe wapi, uitwe kwa neno gani, na udumu kwa muda gani. Programu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya mikono, lakini haiwezi kujua kwamba ushuru wa Busia sokoni si ushuru wa forodha, wala kwamba kanuni ya Ijumaa ilibadilika Jumatano. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa lugha wakishirikiana na maofisa na wafanyabiashara. Kipimo cha mwongozo utakaopatikana kitakuwa chepesi kukieleza: mwenye mzigo kutoka Mella ausome, aende katika kituo rasmi, na akute huko kile kile alichosoma.